Mashine inazima nikianza kurenda video: pawasaplai ndogo, umeme wa mtaa au joto la Moshi?

#1 MpigaPichaPasua
Wakuu habari. Niko Moshi, Pasua, kazi yangu ni video za harusi, sendofu na misiba. Nina mnara wa mtumba, zile kompyuta za maofisini zinazoletwa kutoka Uingereza, prosesa i7-3770, ramu 16, pawasaplai (kiboksi cha kuilisha umeme) iliyokuja nayo imeandikwa 275W. Ilikuwa inapiga kazi freshi, ila kurenda (kutoa video iliyokamilika) kulikuwa kunachukua usiku kucha, nikaongeza kadi ya grafiksi ya RX 570 ya mtumba, na kwa vile pawasaplai haina waya wa pini nane fundi akanipa adapta inayochomekwa kwenye waya wa hadidiski. Tangu hapo ikikaa tu au nikiangalia muvi haina neno. Nikibonyeza kurenda, dakika chache, puu, giza. Hakuna bluu skrini (ile ya kosa la Windows) wala maandishi yoyote. Mara inajiwasha yenyewe, mara inagoma mpaka nichomoe waya ukutani kwanza. Kuanzia saa moja usiku ndio balaa. Bwana harusi wa watu ameshaanza kupiga simu kabla sijanywa chai. Fundi wa kwanza kasema ramu, wa pili kasema Windows. Wajuvi naombeni mnisaidie.

#2 Kiborloni_Digital
Naweka kambi hapa, ya mdogo wangu ina tabia hiyohiyo

#3 FundiMultimita
Mangi, hesabu yako imejijibu yenyewe. i7-3770 kwa karatasi za Intel ni wati 77. RX 570 peke yake inafika wati 150. Hapo tayari ni 227 na bado hujahesabu mazabodi (bodi kuu), ramu, hadidiski, feni na hizo diski za USB unazobebea harusi za watu. Halafu ile 275 ni jumla ya nyaya zote, volti 12, volti 5 na volti 3.3, si ya volti 12 pekee, na prosesa na kadi zote mbili zinanyonya kwenye volti 12. Yaani umefunga trela la Fuso kwenye bodaboda na unauliza kwa nini kilima kinaishinda.

Kwa nini inazima ghafla badala ya kuandika kosa: volti 12 inatakiwa icheze kati ya 11.4 na 12.6. Mzigo ukizidi inashuka, pawasaplai ikiona hali mbaya inakata ile ishara inayoiambia mazabodi kwamba umeme uko sawa, kwenye pawasaplai za kawaida ni waya wa kijivu. Mazabodi ikiikosa inariseti prosesa papo hapo. Windows haipati hata nafasi ya kusema kwaheri, ndio maana bluu skrini huioni. Na ile ya kugoma mpaka uchomoe ukutani, huo ni ulinzi wa pawasaplai umejifunga baada ya kuona imezidiwa, haufunguki mpaka umeme uishe ndani.

Lakini mimi hata hiyo pawasaplai hainitishi kama hiyo ADAPTA. Konekta ya SATA ya hadidiski imepangiwa ampea 4.5 kwenye volti 12, sawa na wati 54. Pini nane ya kadi inaruhusiwa kuvuta mpaka 150. Kaishike hiyo plastiki ukiwa unarenda, ukikuta ya moto au imeanza kuwa kahawia izime leo leo.

#4 ChaliiWaKijenge
Fundi wa pili kasema Windows 😂😂 arifu huyo alitaka elfu kumi ya kupiga Windows basi

#5 BabuWaTengeru
Poleni na kazi. FundiMultimita namheshimu ila kairukia sehemu moja muhimu, kijana kasema kuanzia saa moja usiku ndio inazidi. Je, wati za kadi zinaongezeka jua likizama? Saa moja kila nyumba imewasha taa, tivii, pasi, jiko la umeme, na kama uko mwisho wa laini 230 inaweza kushuka vibaya. Nyumbani kwangu nimewahi kupima nikakuta 178. Pawasaplai ikipewa volti kidogo na wewe unaidai wati zilezile, inabidi ivute ampea nyingi zaidi kutoka ukutani, inachemka, na ile akiba kidogo iliyomo kwenye kapasita kubwa inapungua. Kawaida umeme ukikatika pawasaplai nzuri inashikilia milisekunde kama 16 hivi, ndio maana taa inapepesa na kompyuta haistuki. Ukiwa na volti 180 halafu mzigo umejaa hiyo akiba haipo. Kijana nunua stebilaiza kwanza, kadi hiyo isingiziwe.

#6 sakina_geek
Babu shikamoo ila hapo unapita shoti kati. Pawasaplai nyingi za miaka hii zimeandikwa 100-240, ukizipa 180 hazijui hata kama kuna tatizo. OP (mwenye uzi) angalia lebo, kama imeandikwa 100-240 nadharia ya Babu inakufa, kama ni 200-240 tunarudi mezani. Na kama ina swichi nyekundu nyuma USIIGUSE. Ile ya 115/230, ukiiweka 115 hapa kwetu unapata mlio mmoja tu na harufu, hakuna wa pili.

#7 ChaliiWaKijenge
Hiyo swichi nyekundu mdogo wangu alishaisukuma kwa kidole akitaka kuona inafanya nini, nyumba nzima tulidhani ni gesi

#8 MamaStesheneri_Ngarenaro
Jamani wanangu mimi si fundi ila nina stesheneri na hili nimelilia sana. Kompyuta yangu ilikuwa inazima kila mteja akija kutoa kopi, nikabadilishiwa ramu, nikabadilishiwa pawasaplai, hela zikaenda. Kumbe printa ya leza ilikuwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Ile printa ikianza kupasha moto ile roli ya ndani inavuta umeme ghafla mpaka taa inafifia, kompyuta inaanguka. Nilipohamishia printa kwenye soketi nyingine ya ukutani mambo yakaisha, na pawasaplai ya zamani ile waliyosema imekufa inafanya kazi hadi leo kwa kijana wangu. Kwa hiyo mwanangu wa Pasua angalia nini kingine umechomeka hapo ulipochomeka.

#9 MpigaPichaPasua
Asanteni sana wakuu. Majibu: lebo inasema 200-240. Adapta nimeishika, ina joto lakini haijabadilika rangi. Mama Stesheneri umenigusa, ekstensheni yangu inatoka kwenye duka la shemeji na kuna friji ya soda palepale 😅

#10 BabuWaTengeru
200-240! Na friji! Sina la kuongeza.

#11 FundiMultimita
Babu usishangilie mapema. Kabla ya kuongeza kadi friji ilikuwepo na mashine haikuzima. Kilichoongezeka ni kadi.

#12 dj_majengo
Njia rahisi ya kutesti pawasaplai: ichomoe kwenye mazabodi, chukua klipu ya karatasi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote, washa. Feni ikizunguka pawasaplai ni nzima, tafuta mchawi kwingine.

#13 FundiMultimita
@dj_majengo hapana kaka, hicho kipimo ndicho kinachotuletea wateja wenye hasira. Klipu inakuambia pawasaplai inaamka, haikuambii inaweza kubeba. Feni ni wati mbili tatu. Sawasawa na wale wanaosema taa ya mazabodi inawaka kwa hiyo umeme upo, ile taa inalishwa na volti 5 ya kusubiri ambayo iko hai hata mashine ikiwa imezimwa. Weka multimita kwenye waya wa njano na mweusi mashine ikiwa INARENDA.

#14 sakina_geek
Na hata multimita haitakuonyesha yote. Kadi inavuta kwa mirusho, milisekunde chache inapiga juu kisha inarudi, multimita ya kawaida inasoma wastani, utaona 11.9 safi na sekunde hiyohiyo mashine imezima. Ukiona 11.3 una jibu, ukiona 11.9 huna jibu bado. OP fungua Event Viewer (daftari la matukio la Windows) uangalie kuna nini saa ilipozima.

#15 MpigaPichaPasua
Nimefungua, imejaa Kernel-Power 41, nyekundu tupu kama ishirini na kitu

#16 dj_majengo
Kernel-Power! Power ndio hiyo, pawasaplai imekufa, hata Windows yenyewe inakwambia

#17 sakina_geek
Hapana jamani 😂 41 maana yake Windows imeamka ikakuta jana haikuzimwa vizuri. Hata ukichomoa waya kwa makusudi utaipata. Fungua ndani yake uangalie BugcheckCode (namba ya kosa), ikiwa 0 maana yake mashine ilikata bila Windows kujua, hapo umeme unahusika, au joto kali, au mtu kashikilia kitufe. Ikiwa ni namba nyingine basi ilikuwa bluu skrini hukuiona tu, na hapo draiva au ramu ndio zinaingia.

#18 MpigaPichaPasua
Zote 0

#19 Mrombo_tu
Wakuu mnazunguka mbuyu. Mashine ya mtumba, prosesa ya mwaka 2012, pesti ya prosesa imekauka imekuwa chaki, vumbi limejaa kwenye hitisinki (chuma cha kuipoza prosesa), halafu iko Moshi ambako watu mnatembea na taulo begani. Ukirenda prosesa inachemka kupita kiasi, mashine inajizima kujiokoa. BugcheckCode inakuwa 0 vilevile. Leteni mashine zenu Arusha zipumzike.

#20 Kiborloni_Digital
Haya yameanza, mtu wa Arusha akivaa jaketi mwezi wa saba anajiona yuko Ulaya. Vumbi la kwa Mrombo umelisahau? Nilikuja na shati jeupe nikarudi na la kaki

#21 FundiMultimita
Mrombo_tu ana hoja ila nusu. Joto linagusa na pawasaplai pia, wati zinazoandikwa kwenye lebo huwa zimepimwa kwenye joto fulani, za bei ndogo nyuzi 25 tu, nzuri nyuzi 40 au 50. Ndani ya kesi iliyosongwa chini ya bati mchana wa Februari hiyo 25 utaiona wapi. Na kapasita zikikaa miaka kumi kwenye joto maji yake ya ndani yanakauka taratibu, kwa hiyo 275 ya mwaka 2012 leo si 275. OP chungulia ndani ya pawasaplai kupitia tundu la feni, BILA KUFUNGUA maana kapasita kubwa inabaki na umeme hata ukishachomoa, uone kama kuna kapasita imevimba kichwa.

#22 neema_wa_rau
Mimi yangu haizimi ila imekuwa nzito sana, inaganda ganda, nahisi pawasaplai yangu nayo ni dhaifu haifikishi umeme kwenye ramu

#23 sakina_geek
Dada Neema kompyuta ya mezani haipungui mwendo kwa sababu ya pawasaplai, yenyewe ni kufanya kazi au kuanguka. Uzito tafuta hadidiski inayokufa au uweke SSD. Hiyo yako ni ya mezani au laptopu?

#24 neema_wa_rau
Laptopu ya Dell, chaja yake ya mwanzo iliibiwa natumia ya shemeji

#25 sakina_geek
Aaah basi hapo ni kinyume! Dell pini ile nyembamba ya katikati inaongea na chaja iijue ni ya wati ngapi. Ukichomeka ya 65 kwenye mashine inayotaka 130, au ya bandia isiyojulikana, laptopu inapunguza kasi ya prosesa makusudi na betri inaweza isichaji kabisa. Ukiwasha huwa kuna maandishi ya onyo kuhusu chaja watu wanabonyeza tu yapite. Geuza chaja uisome wati.

#26 neema_wa_rau
Imeandikwa 45W 🙈 asante kaka

#27 ChaliiWaKijenge
Shemeji wa Moshi wana mambo, mmoja friji mmoja chaja

#28 MpigaPichaPasua
Kwa hiyo ninunue ya wati ngapi? Dukani kuna ya 500W elfu arobaini na kuna ya 550W zaidi ya mara tatu ya hiyo. Na hii ya wati nyingi si itanimaliza LUKU? Uniti zenyewe tunachangia na shemeji.

#29 FundiMultimita
LUKU: pawasaplai kubwa haivuti wati zake zote, inavuta unachoidai. Mashine yako ikitaka wati 250 na pawasaplai ina ufanisi wa asilimia 80, ukutani zinatoka kama 312, iwe imeandikwa 400 au 1000. Saa tatu za kurenda ni karibu uniti moja. Friji ya shemeji ndiyo ya kuiuliza.

Ya elfu arobaini: soma lebo, tafuta mstari wa 12V na ampea zake, zidisha kwa 12. Nimeshika nyingi zimeandikwa 500 kwa maandishi makubwa na kwenye 12V zina ampea 16, hizo ni wati 192. Hiyo inazidiwa hata na 275 yako ya ofisini, ambazo kwa kawaida lebo zake husema kweli. Iliyobaki wamejaza kwenye volti 5 na 3.3 ambazo mashine za sasa hazina haja nazo sana.

#30 BabuWaTengeru
Hapo nakuunga mkono. Zamani sisi prosesa zilikuwa zinakula volti 5, ndio maana pawasaplai za miaka ya tisini zina ampea nyingi huko. Ilipokuja Pentium 4 mwaka 2000 ndipo wakaongeza ile plagi ya mraba ya pini nne ya volti 12. Hawa wa elfu arobaini wanauza muundo wa zamani kwa stika mpya. Ukiinyanyua nyepesi iache.

#31 ChaliiWaKijenge
Babu wameshtukia hiyo, kuna wanaotia kipande cha chuma ndani iwe nzito

#32 tatu_usariver
Mnamshauri mtu anunue na mwenzenu ana bwana harusi mlangoni. Kaka toa kadi kabisa leo, i7-3770 ina grafiksi za ndani HD 4000 na ndani yake kuna Quick Sync (sehemu maalum ya kurenda video), kwenye programu yako ya video chagua kurenda kwa hiyo. Haitakuwa na kasi ya ajabu ila utakabidhi. Ukishalipwa ndio uje tubishane.

#33 MpigaPichaPasua
Dada Tatu ubarikiwe sana!! Nimetoa kadi, nimerenda tangu jioni mpaka alfajiri na friji ikiwemo, haijazima hata mara moja. Bwana harusi amechukua flashi yake.

#34 FundiMultimita
Kesi imefungwa. Pawasaplai.

#35 BabuWaTengeru
Haijafungwa. Ukitoa kadi umepunguza wati zaidi ya mia, hata volti 180 inatosha kwa kinachobaki. Umethibitisha kwamba mzigo mdogo haumsumbui, hujathibitisha kwamba umeme wa mtaa ni mzuri. Rudisha kadi, uweke stebilaiza, urende saa mbili usiku. Ikizima njoo unicheke.

#36 Mrombo_tu
Na ukitoa kadi umetoa na joto la wati 150 ndani ya kesi. Nasimama palepale, pesti.

#37 ras_compyuta
Nimesoma uzi wote hakuna aliyeigusa kadi yenyewe. RX 570 za mtumba zilizojaa sokoni nyingi zilikuwa zinachimba Ethereum usiku na mchana, uchimbaji ulipokufa Septemba 2022 zikamwagwa. Hizo zimekaa kwenye moto, pedi za joto zimeisha, na wachimbaji walikuwa wanazibadilishia BIOS (programu ya ndani ya kadi). Kadi mbovu inaweza kuipiga shoti pawasaplai nzima mpaka ulinzi ujifunge, hata ungeweka ya wati 1000. Kaiweke kadi hiyo kwenye mashine ya mtu mwenye pawasaplai ya maana uone.

#38 tatu_usariver
Au punguza nguvu ya kadi kwenye programu ya AMD, kuna sehemu ya kushusha kikomo cha wati, ishushe mpaka mwisho kisha urende. Ikitulia walau utajua ni suala la wati.

#39 MpigaPichaPasua
Nimerudisha kadi nikashusha kikomo mpaka mwisho. Mchana imetulia kabisa. Usiku imekata tena mara moja, ila safari hii ilikuwa imeshavuka nusu ya video. Halafu kitu kingine, nikigusa kesi ya chuma miguu peku napigwa na kishoti fulani kidogo, hiyo inahusika?

#40 BabuWaTengeru
Usiku 😌

#41 FundiMultimita
Babu imevuka NUSU, awali ilikuwa haimalizi dakika tano. Wati zimepungua, muda umeongezeka.

OP hicho kishoti ni suala la ethi (waya wa ardhini). Ndani ya pawasaplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka kelele za umeme kwenye ethi, ethi isipokuwepo kesi inabaki inaelea karibu na nusu ya volti za ukutani. Ampea ni ndogo sana, ila hautakiwi kuwepo. Pini ya tatu ya ekstensheni ya shemeji nina wasiwasi ni pambo. Mwite fundi umeme wa majumba, hilo si langu.

#42 Kiborloni_Digital
Na UPS (betri ya akiba) je? Nina ya 650VA, nimkopeshe?

#43 sakina_geek
650VA si wati 650, nyingi zinatoa kama 360 hadi 390. Kwa mashine yake bila skrini itabeba kwa shida. Ila zingine zinatoa wimbi la ngazi ngazi na baadhi ya pawasaplai mpya hazilipendi, umeme ukikatika zinazima palepale.

#44 ChaliiWaKijenge
OP mimi nina pawasaplai ya 550 ya maana iko kwenye mashine yangu ya gemu. Jumamosi panda Coaster njoo na huo mnara na kadi yako tutesti hapa Kijenge. Malipo mkungu wa ndizi, usije na mikono mitupu

#45 Kiborloni_Digital
Akitesti Arusha na umeme wa Arusha na baridi ya Arusha ikitulia mtasema ni nini sasa? Kila mtu humu atadai ameshinda

#46 ras_compyuta
Ikizima huko nimeshinda mimi tu

#47 sakina_geek
Kabla hujapanda gari fungua kesi uhesabu pini za plagi kubwa kwenye mazabodi. Dell OptiPlex 7010 ni 24 za kawaida, itaingia. 3020, 7020 na 9020 ni pini nane za kwao wenyewe, HP EliteDesk 800 G1 ni sita, hizo zinataka adapta nyingine.

#48 MpigaPichaPasua
Ni 24. Jumamosi nakuja. Ndizi za kupika au mbivu?

#49 ChaliiWaKijenge
Za kupika, na parachichi kama lipo

#50 dj_majengo
Sasa ile 275 ukibadilisha unaiuza? Nataka volti 12 ya redio ya gari niweke ghetto

#51 FundiMultimita
@dj_majengo redio tu sawa, ukiongeza amplifaya utarudi humu kufungua uzi.